Kwa nini usingizi hauwafikii wote wakati mmoja

KIBOKO, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa katika Kaunti ya Makueni, hauko mbali na ikweta. Jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima. Hata hivyo, madereva wawili wa malori wanaoingiliwa na giza hapo huenda wasishikwe na usingizi kwa wakati mmoja.

Sababu mojawapo ni melatonini, homoni inayotolewa usiku na tezi ya pineali iliyo ubongoni. Kiasi chake na saa ya kuanza kutolewa hutegemea urithi, umri na mwanga. Kwa vijana waliobalehe huchelewa. Kwa wazee wengi hupungua. Mwanga wa usiku huizuia, lakini si kwa kiwango sawa kwa kila mtu.

Hata mbali na taa za mijini, watu hawalali pamoja. Wahadzabe 33 wa Tanzania walipimwa usingizi kwa siku 20. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2017, ulipata dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala.

Hivyo, dereva aliye macho saa nane usiku si kipimo cha mwenzake. Anayesinzia hana budi kuegesha gari na kulala.