Kinyonga wa Ituri na Majina Yake, 1912–2017

Kinyonga ni wa jamii ya mijusi, na habari ya namna alivyopewa majina katika misitu ya mashariki ya Kongo inamhusu mwanafunzi wa lugha kama inavyomhusu mjuzi wa elimu ya wanyama. Katika miaka ya 1907 na 1908 msafara wa Wajerumani, ulioongozwa na Adolf Friedrich wa ukoo wa kitawala wa Mecklenburg, ulipita Rwanda na Kivu, ukaingia msitu wa Ituri. Miongoni mwa wanyama waliopelekwa Ulaya alikuwamo kinyonga mdogo wa Ituri.

Aliyemweleza mwaka 1912 ni Richard Sternfeld. Kazi hiyo ni ya mezani: magamba huhesabiwa, umbo la kichwa hupimwa, maelezo huchapishwa, kisha mnyama mwenyewe huhifadhiwa awe kielelezo cha jina, ili mwenye shaka amrudie. Sternfeld alimheshimu kiongozi wa msafara, akamwita adolfifriderici. Katika jina hilo hamna alama ya mwenyeji yeyote wa Ituri. Sternfeld alikuwa Myahudi. Aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Kwa desturi ya sayansi, jina lake huandikwa nyuma ya lile la mtawala, pamoja na mwaka 1912.

Baadaye jina hilo moja likatandazwa mbali mno. Vinyonga wa milima ya Kivu, Rwanda, Burundi na kusini-magharibi ya Uganda, kwa kuwa walifanana na yule wa Ituri, wote waliwekwa chini yake. Hata mwaka 1965, Gaston-François de Witte alipochapisha kitabu chake juu ya vinyonga wa Afrika ya Kati, mgawanyo ulikuwa haujafanyika. Lakini viumbe hawa ni wa msituni, wala hawavuki kwa urahisi mabonde makavu na nyika zilizo kati ya mlima na mlima. Waliotengana muda mrefu hubadilika kila kundi kwa njia yake, ijapokuwa jicho huona sura moja.

Mwaka 2006 Tilbury, Tolley na Branch waliwatenga vinyonga hawa na wale wa Afrika ya Kusini, ambao walikuwa wamechanganywa nao katika jenasi ya Bradypodion. Jenasi mpya waliiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Uteuzi huo ulifaa, kwani Kiswahili kinasikika katika sehemu kubwa ya nchi wanamoishi, tangu milima ya Usambara hata Ituri. Kwa upande wa sarufi, Kilatini kimelimeza neno pamoja na kiambishi chake: ki- imegandishwa, na vi- ya wingi haina tena mahali.

Mwaka 2012 aina nyingine ya jenasi hiyo, Kinyongia gyrolepis, ilielezwa kutoka uwanda wa juu wa Lendu. Mwaka 2017 Hughes, Kusamba, Behangana na Greenbaum walilichambua jina la zamani lenyewe, wakilinganisha maumbile na ADN. Kusamba ni mtafiti wa kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini. Kumbe chini ya jina la Sternfeld zilijificha aina nyingine tatu: rugegensis wa Rwanda na Burundi, tolleyae wa Uganda, na itombwensis wa Itombwe. Ilikuwa imepita miaka 105.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Wakati jina lilipokuwa moja, misitu ya Itombwe ingeweza kufyekwa yote, na hakuna orodha ambayo ingeonyesha hasara, maana ingesemekana kwamba kinyonga yuleyule yungali Ituri. Sasa Kinyongia itombwensis huhesabiwa peke yake, na makao yake yanayojulikana ni milima ile tu.