Chekechea ya St. Louis

Nchini Marekani, wilaya ya shule, yaani mamlaka ya mahali inayoendesha shule za umma kwa kodi za wakazi wake, imekuwa na uwezo mkubwa wa kuamua sera ipi ipokewe na ipi ikataliwe, hivyo chimbuko la mabadiliko mengi ya elimu nchini humo halina budi kutafutwa mijini kabla ya kutafutwa Washington. Mwaka 1873 mji wa St. Louis ulifungua, katika shule ya Des Peres mtaani Carondelet, chekechea ya kwanza ya umma iliyodumu, ikifuata mafunzo ya Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeshikilia kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani wahamiaji wa Kijerumani walikuwa nalo Watertown, Wisconsin, tangu 1856. William Torrey Harris, msimamizi mkuu wa shule za St. Louis, aliona watoto wa maskini wakiacha masomo mapema ili wakafanye kazi, akahitimisha kwamba miaka yao ya shule, ikiwa haikuweza kurefushwa mwishoni, irefushwe mwanzoni. Hoja hiyo, pamoja na uzito wake wote, isingetosha peke yake: Susan Blow, binti wa familia tajiri, alijitolea kufundisha na kuwaandaa walimu bila mshahara, na bodi ya shule ikapunguziwa gharama. Sera inayohusishwa na jina la Harris, kwa haki, ilisimama juu ya kazi ya Blow.