Nani Analipia Mgonjwa Asiye na Ndugu?

Juzi nimesikia tena ile hoja, safari hii kwa kijana wa uchumi ambaye namheshimu: Leta imeshindwa kuendesha lopitali, basi usimamizi wa hospitali za wagonjwa wa akili upewe watu binafsi, majengo yabaki ya Leta. Sikumjibu palepale. Nilisoma historia, na sisi wa historia huwa wazito kujibu. Jibu langu linaanzia kwenye reli, kwa sababu Kamina kila kitu kinaanzia kwenye reli.

Baba mdogo wangu alifanya kazi SNCZ. Mwaka 1995, siku za mwisho za Mobutu, uendeshaji wa sehemu ya reli ulikabidhiwa kwa Sizarail, kampuni ya Wabelgiji na Waafrika Kusini. Reli ilibaki mali ya Leta, kazi ikawa ya kampuni. « Treni zilitembea, » anasema mpaka leo, « ile siwezi kukatala. » Lakini hakosi kuongeza kwamba wenzake ambao kampuni haikuwachukua walibaki upande wa SNCZ, pamoja na madeni. Mwaka 1997 AFDL ikaingia, ikaitaifisha Sizarail, na majaribio yakakatika katikati. Hatukupata hata nafasi ya kuona yangeishia wapi.

Ninachokiona mimi ni hiki: mwenye kupewa usimamizi huangalia kwanza mzigo unaolipa. Kwenye reli upo, shaba na mahindi. Hospitali ya wagonjwa wa akili ina mzigo gani? Mtu aliyeletwa amefungwa kamba, ambaye baada ya miezi sita hakuna hata mmoja wa kwao anayekuja kumtazama, atalipa nini?

Tuseme ukweli pia: kwetu Leta haijawahi kubeba tiba peke yake. Wakati wa ukoloni Union Minière na BCK walikuwa na hospitali zao kwa wafanyakazi wao, na wamisionari walihudumia vijiji. Kwa magonjwa ya akili, mashariki yote ya Kongo jina linalorudi ni la mafrere wa Charité, shirika lililoanzishwa na padri Triest kule Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Triest alifanya kazi na daktari Joseph Guislain kuwatoa wagonjwa kwenye minyororo, na ndiyo maana kituo cha mafrere kule Lubumbashi kinaitwa Joseph Guislain. Sosame ya Bukavu nayo ni yao. Ilianza mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa mjini.

Kwa hiyo yule kijana angeweza kunijibu: si unaona, binafsi inawezekana! Ndiyo, inawezekana. Tazama Ndera, karibu na Kigali. Mkataba kati ya serikali ya Rwanda na mafrere ni wa 1968, hospitali ikafunguliwa 1972, na leo ndiyo hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili kwa nchi nzima. Mwezi wa nne 1994 watu waliokimbilia humo pamoja na wagonjwa waliuawa ndani ya uzio wake. Hospitali ilibidi ianze upya kabisa. Lakini siri ya Ndera haiko kwa mafrere tu. Nchi ile ina bima ya mituweli, na mwenye nayo akifika hospitali hulipa asilimia 10, iliyobaki inalipwa na bima. Anayeongoza ni mmoja, anayelipa ni mwingine, na wote wawili wanajulikana.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1998 jimbo la Florida, Marekani, lilikabidhi South Florida State Hospital kwa kampuni ya Wackenhut Corrections, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa magereza. Jengo jipya lilijengwa, na wapo waliosifu kazi. Halafu kampuni ikabadili jina, hospitali ikahamia mikononi mwa kampuni nyingine, nayo ikaungana na nyingine ikawa Wellpath, na Novemba 2024 Wellpath ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Mgonjwa alikuwa kwenye hospitali ileile muda wote. Aliyeuzwa na kununuliwa ni msimamizi wake.

Sheria ya ubia wa Leta na watu binafsi tunayo, ni ya tarehe 9 Julai 2018. Kijana wangu akiniletea mkataba chini ya sheria hiyo, sitaanza na jina la mkurugenzi. Nitatafuta mstari unaosema nani analipia mgonjwa asiye na ndugu, na mwingine unaosema nani anaruhusiwa kuingia bila kupiga hodi kuhesabu vitanda na dawa. Kama haimo, ninakatala, hata akija frere mtakatifu.

Maana kwetu sehemu moja ilishabinafsishwa zamani, bila mkataba wala tangazo: bili. Yaya wangu alipougua tulimpandisha treni ya Lubumbashi, mama akibeba sufuria, mkeka na makuta ya kukopa. Hospitali siitaji. Walituuliza mambo mawili tu, nani atalala naye na nani atanunua dawa. Kitanda cha pili alikuwepo mzee mmoja, hana mtu. Siku ya tatu muuguzi, kijana mwenye adabu, alikuja taratibu, akamwinamia mama: « Mama, utanisamehe. Unaweza kutupa vidonge viwili vya yaya, tumupe ule mzee? Usiku halale. »

Mama alimpa. Kisha akavimwaga vilivyobaki juu ya kitenge, akaanza kuhesabu siku.