Mizizi na Magome: Dawa za Waganga wa Ugogo

Ugogo, nchi inayoizunguka Dodoma kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, ni nchi ya ukame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 600 hivi. Miezi mingine yote miti hupukutisha majani, nyasi hukauka, na upepo huvuma na vumbi jekundu. Hali hiyo ndiyo iliyoamua dawa za waganga wa huko ziweje. Mganga wa Usambara huchuma majani mabichi karibu mwaka mzima. Wa Ugogo hana bahati hiyo. Tiba ya nyanda za kati kwa hiyo ni tiba ya mizizi na magome, sehemu za mti zinazopatikana hata Septemba, zinazoweza kukaushwa, kutwangwa na kuhifadhiwa kwenye kibuyu au pembe msimu baada ya msimu.

Mganga wa Kigogo hakuwa mtu wa kujitenga. Alilima uwele na mtama kama wenzake, akafuga, akaishi kwenye tembe lenye paa bapa la udongo. Mara nyingi uganga ulikuwa urithi wa ukoo. Kijana aliandamana na babu au shangazi porini, akajifunza kuutambua mti usio na jani hata moja kwa rangi ya gome, kwa harufu ya mzizi uliokwanguliwa, na kwa ladha kwenye ncha ya ulimi. Wengine walisema wameitwa na mizimu ya wazee wao, ambayo Wagogo huiita milungu. Kupiga ramli, kutibu kwa mitishamba na kuzalisha zilikuwa kazi tofauti, ingawa mtu mmoja aliweza kuzishika mbili. Malipo yalikuwa kuku au mbuzi, na kwa ugonjwa mzito ng'ombe.

Si kila maradhi yaliyopelekwa kwa mganga. Maji ya ukwaju kwa tumbo lililofunga, ubuyu uliokorogwa kwa mtoto mwenye homa au kuhara, kijiti cha mswaki kwa meno na fizi: hayo yalijulikana na kila mama. Mganga aliitwa pale dawa ya nyumbani iliposhindwa, au ugonjwa ulipoanza kuonekana kuwa na mkono wa mtu.

Hapo ndipo miti mingine ilipoingia. Mmoja wa inayoheshimiwa zaidi ni ule ambao sehemu mbalimbali za bara huitwa mulimuli au mlundalunda, na wataalamu wa mimea huuita Cassia abbreviata. Ni mti mdogo unaotoa maua ya manjano mwishoni mwa kiangazi, kabla majani hayajarudi, kisha maganda marefu ya mviringo yanayoning'inia kama soseji. Gome lake na mizizi huchemshwa mpaka maji yawe mekundu yaliyoiva, machungu kupindukia, na mgonjwa huyanywa kwa homa, kwa maumivu ya tumbo na kwa mkojo wenye damu. Kwa minyoo upo Albizia anthelmintica, ambao Wamasai huuita mukutani. Kwa jamii zinazokula nyama ya ng'ombe tegu si mgeni, na gome la mti huu, likichemshwa na kunywewa asubuhi kabla ya kula, limesifika kwa kumtoa kutoka Ethiopia hadi Dodoma. Hata jina la kisayansi limeubeba umaarufu huo.

Mti wa tatu unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana unaonyesha ni kwa nini kazi hii haikuachiwa kila mtu. Nao ni mzigi, au mteyu kwa watu wengi wa bara, Securidaca longipedunculata. Maua yake ni ya zambarau na yana harufu nzuri. Mzizi ukikwanguliwa hutoa harufu kali inayopanda puani mara moja, ile ile ya dawa za kuchulia misuli zinazouzwa madukani, kwa sababu kemikali ni moja: methili salisileti. Waganga waliutumia kwa kichwa kinachogonga, kwa viungo vinavyouma na kwa kuumwa na nyoka, wakipaka, wakifukiza, au wakimpa mgonjwa unga kidogo wa kunusa. Kunywa ni jambo lingine. Mzizi huo ni sumu, na sehemu nyingi za Afrika umewaua watu, kwa bahati mbaya na kwa makusudi. Kipimo, basi, ndicho kilichokuwa elimu yenyewe. Mkalya, Zanha africana, ni wa aina hiyo hiyo: unga wa mizizi yake humpiga mtu chafya mfululizo, na ulitumika kwa maumivu ya kichwa na hata kwa kifafa.

Utomvu wa miti ya Commiphora, ndugu wa manemane, ulipakwa kwenye vidonda. Mkulagembe, kichaka chenye miba kinachovamia kila shamba lililoachwa, ulitumika kwa sumu ya nyoka. Dawa zilinywewa, zilifukizwa chini ya nguo nzito, au zilisuguliwa kwenye chale zilizochanjwa palipouma.

Kaskazini, upande wa Kondoa na Chemba, uganga ulichukua sura nyingine. Wasandawe, wenye lugha ya vidoko na historia ndefu ya kuwinda, walikuwa na ngoma iitwayo simbo. Wachezaji walipandwa hadi wakajifanya simba, wakitembea na kunguruma kama simba, na kusudi lilikuwa kuwakabili wachawi, kwa kuwa simba alihesabiwa kuwa adui yao. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa aliieleza ngoma hiyo katika maandishi yake, na watafiti wa michoro ya mapangoni wakaitumia kujaribu kueleza baadhi ya picha nyekundu za Kondoa. Kiasi gani cha picha hizo kinaweza kusomwa hivyo bado ni ubishi. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba kwenye pango la Mungomi wa Kolo wenyeji wameendelea kutambikia mvua na afya, na uhai huo wa mila ni sehemu ya sababu zilizofanya michoro ya Kondoa iingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Wawindaji wa nyanda za kati waliijua mimea kwa upande wake wa pili pia. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hupaka mishale utomvu wa Adenium au mbegu za Strophanthus eminii, mmea uliopewa jina la Emin Pasha. Sumu hiyo husimamisha moyo wa mnyama. Strophanthus nyingine, ya upande wa Malawi, ilifikishwa Uingereza na John Kirk, ikachunguzwa na Thomas Fraser huko Edinburgh, na kabla ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Tofauti kati ya mkoba wa mwindaji na kabati la mfamasia ilikuwa ndogo kuliko wamisionari wa wakati huo walivyodhani.

Mgogo hakutenganisha sana afya ya watu na afya ya mifugo. Mtemi wa kila nchi ndiye aliyekuwa na wajibu wa mvua na kinga ya ardhi, naye alitafuta dawa kwa waganga wa mvua. Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza tambiko ambalo wanawake walilifanya ng'ombe walipougua: walivaa kama wanaume, wakashika silaha za wanaume, wakachunga ng'ombe wenyewe, wakacheza ngoma kuutoa ugonjwa nje ya mipaka. Lakini lilipokuja janga la sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, hakuna tambiko wala gome lililolizuia. Ng'ombe walikwisha, na pamoja nao ikaenda akiba ambayo watu waliitegemea kununua nafaka na kumlipa mganga.

Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, Ugogo ilikuwa mlango wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Richard Burton na John Speke walipita 1857, Henry Morton Stanley 1871. Vitabu vyao vimejaa malalamiko kuhusu hongo ya watemi na maji machungu ya nyika, lakini vinaonyesha pia kwamba msafara wenyewe ulikuwa na uganga wake: mganga aliulizwa siku njema ya kuondoka, na viongozi wa wapagazi walivaa hirizi. Njia hiyo ilibeba ndui na homa, na ilibeba dawa vilevile. Kutoka pwani zilikuja hirizi za maandishi ya Kiarabu na vitu vya dukani kama mvuje na habasoda. Kutoka Unyamwezi ilikuja mizizi na majina yake. Ndiyo sababu jina moja la mti leo hudaiwa na makabila matatu, na kumtafuta mwenyewe wa kwanza ni kazi isiyo na faida.

Homa moja ilikuwa ya nyumbani kabisa. Kuta na sakafu za tembe zilikuwa makao mazuri ya papasi, kupe laini anayeuma usiku na kurudi ufani. Robert Koch alipozunguka koloni la Wajerumani mwaka 1905 alithibitisha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa ya vipindi kwenye njia za misafara. Miti ya homa ya Ugogo ilitumika kwa ugonjwa huu na kwa malaria bila kubagua, jambo ambalo halishangazi, kwani bila darubini homa hizo mbili hufanana mwanzoni.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwishoni mwa miaka ya 1870, wakiwa na daktari, E. J. Baxter. Baadaye ikaja hospitali ya misheni huko Mvumi, na Waingereza wakaweka makao ya idara ya mifugo Mpwapwa. Wagonjwa walizitumia huduma hizi kama nyongeza, si kama mbadala: jeraha na jino kwa mzungu, utasa na wazimu kwa mganga. Wazimu nao ulipata jengo lake Dodoma katika miaka ya 1920, Mirembe, hospitali ambayo jina lake nchini kote limekuwa sawa na ugonjwa wa akili.

Serikali za kikoloni ziliwatazama waganga kwa hofu. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanza kwa dawa ya maji, havikusahaulika. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928 ililenga wachawi na wale wanaowataja watu kuwa wachawi, lakini mkoba wenye mizizi na pembe ulitosha kumtia mtu mashakani. Waganga wa mitishamba waliendelea na kazi bila kelele, chini ya kifungu cha sheria ya madaktari kilichoruhusu tiba ya jadi kwa mtu anayetambuliwa na jamii yake.

Kilichowaumiza zaidi si sheria. Ni vifo vya wazee na kufyekwa kwa pori. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vya kwanza kuchukua nafaka na ng'ombe, iliwatawanya watu na kuua wengi, wakiwamo wazee wenye elimu hiyo. Mwaka 1947 matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yaliingia Kongwa na kung'oa vichaka kwa minyororo. Mradi ulikufa 1951, na vichaka havikurudi vilivyokuwa. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, mbali na mapori ambayo mganga aliyajua mti kwa mti. Uamuzi wa 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu uliongeza njaa ya mkaa na kuni. Kinyume chake kilitokea Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililoliwa na mmomonyoko. Wafugaji waliumia sana, lakini miti ilirudi, ya dawa ikiwamo.

Baada ya uhuru serikali ilibadili mtazamo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na baadaye kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Usajili uliwapa waganga wa mitishamba heshima waliyonyimwa tangu 1928, ingawa ghadhabu ya umma juu ya mauaji ya watu wenye ualbino ilisababisha leseni zote zisimamishwe mwanzoni mwa 2009, mpiga ramli na mchimba mizizi wakiwekwa kapu moja.

Mwaka 2011 ulionyesha jinsi imani ya dawa ya mti ilivyobaki na nguvu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akigawa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500 huko Samunge, Loliondo, magari yalitoka kila kona ya nchi. Mugariga, Carissa, huota hata kwenye vichaka vya nyanda za kati.

Siku hizi dawa za pori huuzwa sokoni na kando ya barabara za jiji la Dodoma, magome yamefungwa kwa kamba na unga umetiwa kwenye chupa za maji, na wauzaji wengi ni Wamasai wanaosafiri mji hadi mji. Mizizi mingine hutoka mbali, kwa sababu karibu na jiji imekwisha. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa. Mganga wa zamani alibandua upande mmoja, mchuuzi hubandua kote. Dawa inayojulikana zaidi na wakazi wa jiji ni mwarobaini, mti wa Kihindi uliopandwa kwa ajili ya kivuli, ambao hauhitaji mganga, hauhitaji pori, na huvumilia ukame kama vile ungekuwa mzaliwa wa Ugogo.