Tarakilishi hujuaje kama kitu kimo katika orodha?

WENGI wanaotafuta jina katika tarakilishi huamini kwamba jibu la "hakuna" lina maana moja tu: kitu hicho hakipo. Kwa programu, maana ni finyu zaidi. Jibu hilo husema kwamba hakukupatikana jina linalolingana, herufi kwa herufi, na lile lililoulizwa.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa fasihi ya visiwa vya Lamu. Miswada ya kale ya tenzi za huko imetawanyika, mingine ikiwa London na Hamburg, na msomaji huitafuta kwanza katika orodha za tarakilishi. Mswada usioonekana humo waweza kudhaniwa umepotea, kumbe upo.

Programu ina njia tatu kuu za kukagua orodha.

Ya kwanza ni kupitia kitu kimoja baada ya kingine. Orodha ikiwa na majina 1,000 na linalotafutwa halimo, programu hulinganisha mara 1,000 kabla ya kujibu.

Ya pili huhitaji orodha iliyopangwa kialfabeti. Programu hutazama jina la katikati, huacha nusu isiyohusika, kisha hurudia, kama mtu afunguaye kamusi. Majina 1,000 humalizika kwa hatua 10 hivi, na majina 1,000,000 kwa hatua 20 hivi. Lakini orodha isipopangwa, jibu haliaminiki.

Ya tatu ni kukokotoa nambari kutokana na herufi za jina. Nambari hiyo huelekeza moja kwa moja mahali ambapo jina lingewekwa, mithili ya droo yenye nambari. Orodha ikiwa fupi au ndefu, muda kwa kawaida hubadilika kidogo sana.

Waandishi wa programu huuliza swali hili kwa neno "in" katika lugha ya Python, na "contains" katika Java. Jibu huwa kweli au si kweli.

Hata hivyo, kasi haiongezi ukweli. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake mwaka wa 1858. Watu wa kaskazini husema "utendi", wa kusini "utenzi". Anayeuliza "Utenzi wa Mwana Kupona" ilhali orodha ina "Utendi wa Mwana Kupona" ataambiwa hakuna, kwa njia zote tatu. Ndivyo ilivyo kwa Siu na Siyu, kwa Inkishafi na Al-Inkishafi, na kwa mnakili mashuhuri wa Lamu, Muhamadi Kijuma, ambaye pia huandikwa Kijumwa. Hata nafasi tupu mwishoni mwa jina hutosha kuharibu jibu.

Chanzo kimoja ni hati yenyewe. Alfabeti ya Kiarabu haina herufi ya "p", hivyo waandishi wengi wa zamani walitumia ile ya "b". Alama zake za irabu ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Wasomaji wawili wakihamisha neno moja katika hati ya Kirumi, huenda wakaliandika kwa namna mbili.

Dawa ni kusawazisha majina kabla ya kuyalinganisha: kuyaandika yote kwa herufi ndogo na kuondoa nafasi za ziada. Kanuni hiyo itumike kwa swali na kwa orodha pia. Ikitumika upande mmoja tu, huzaa makosa mapya.

Tofauti za lahaja hazifai kutatuliwa kwa kubadilisha herufi kiholela. Kanuni ya kugeuza kila "nd" kuwa "nz" ingefanya ndizi kuwa "nzizi". Afadhali kila mswada upewe nambari moja, na tahajia zake zote zielekezwe kwenye nambari hiyo. Tahajia ya asili ibaki, kwani nayo ni ushahidi wa lahaja ya mwandishi.

Kwa mtafutaji, jibu la "hakuna" lisiwe mwisho. Na ajaribu tahajia nyingine, sehemu ya jina, au jina la mtunzi, kisha amwulize mkutubi kabla ya kusema kwamba mswada umepotea.