Kutoka 9.6 hadi 10: historia fupi ya kuhamisha hifadhidata

Leo nazungumzia kazi ambayo wengi wetu huku Meru na Embu huifanya usiku wakati ofisi zimefungwa: kuhamisha seva ya hifadhidata kwenda toleo jipya.

Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia DHIS2 nchi nzima kukusanya takwimu za afya. Hifadhidata yake ni PostgreSQL. Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti zikiwemo Embu na Meru zikapewa hospitali za kuendesha. Takwimu za chanjo zikipotea, mipango yao inaharibika.

Zamani njia ya kawaida ya kuhama ilikuwa kutoa data yote kwa pg_dump, kisha kuiingiza upya. Mwaka 2010 toleo la 9.0 lilikuja na pg_upgrade, kazi ikawa fupi. Lakini namba zilichanganya watu: 9.5 kwenda 9.6 ulikuwa mruko mkubwa, ingawa ulionekana mdogo. Tangu toleo la 10, mwaka 2017, namba ya kwanza pekee ndiyo huonyesha mruko mkubwa.

Bado nina lalamiko moja. Mwongozo rasmi wa pg_upgrade unaeleza namna ya kurudi nyuma katika hatua ya mwisho. Mimi ningeiweka ya kwanza, kwa sababu ukitumia --link kisha ukawasha seva mpya, ile ya zamani si salama kuiwasha tena. Wakati huo kilichobaki ni bekapu tu. Basi ijaribuni kwanza kwenye mashine nyingine. Tahadhari kabla ya hatari.