Uhakiki wa Land Rover za Series
Uhakiki wa Land Rover za Series ni uchunguzi wa kubaini kama gari kongwe la aina hiyo ni halisi au limeungwaungwa kwa vipuri vya matoleo tofauti. Series I ilitoka mwaka 1948, II mwaka 1958, IIA mwaka 1961 na III mwaka 1971, uzalishaji ukakoma 1985. Vipuri vingi huingiliana, na bodi ni ya aluminiamu isiyoota kutu huku chasisi ya chuma ikioza. Kwa hiyo bodi ya zamani juu ya chasisi ngeni ni jambo la kawaida, wala si lazima iwe utapeli.

Sura haitoshi. Grili ya plastiki na saa za dashibodi mbele ya dereva ni alama za Series III, lakini fundi hubadilisha vyote. Ushahidi mzito ni namba ya chasisi. Kwenye IIA na III huchongwa upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi. Hata Chanika, kata ya mji wa Handeni nchini Tanzania, brashi ya waya na mafuta ya taa vyatosha kuifichua. Ilinganishwe na kibati cha gari na kadi ya usajili, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Tarakimu za mwanzo hutaja modeli: katika IIA, 241 ni gari la petroli lenye inchi 88 kati ya ekseli, usukani kulia, kwa soko la Uingereza. Tarakimu zilizopinda au chuma kilichosagwa zitiliwe shaka.

Kwa uthibitisho zaidi, jumba la makumbusho la British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, hutoa cheti cha kumbukumbu za kiwandani.